Uko Mbeya na unataka pepa yako iingie STOC au ICALP? Twende taratibu

Wadau wa kompyuta wa huku nyanda za juu kusini, hii ni yenu, hasa nyie mnaosoma masta au mmeanza kufundisha pale MUST, Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na kwingineko, ambao somo la algoridhimu na automata liliwakolea kuliko kutengeneza tovuti za watu. Kila nikikutana na kijana wa namna hiyo swali ni lilelile, hivi yale makongamano makubwa ya thiori ya kompyuta, kama hayo ya STOC na ICALP, mtu anaingiza vipi pepa (makala ya utafiti) yake, au mpaka uwe MIT?

Hapana. Thiori ndo eneo la kompyuta ambalo mtu wa Mbeya hajaachwa mbali kihivyo, maana haidai maabara wala seva wala GPU za mamilioni, inadai daftari, kalamu, laptopu ya kuandikia LaTeX, ile programu ya kupanga maandishi yenye hesabu (hata ile inayozima ukichomoa chaja) na mtu mmoja wa kubishana naye bila kununiana. Kinachotukwamisha wengi ni kwamba hakuna aliyetuambia mchezo wenyewe unachezwaje, kwaio ngoja niuseme.

Kwanza ujue kwenye thiori kongamano sio sehemu ya kwenda kuvaa kitambulisho shingoni na kula lanchi. Fani nyingi jarida ndo lenye uzito na mkutano ni kama pembeni, huku ni kinyume, matokeo mapya yanatoka kwanza kwenye kongamano na kamati inayachuja kwelikweli. Ile pepa ya Stephen Cook iliyoanzisha habari nzima ya NP-kamili (matatizo ambayo hakuna aliyepata njia ya haraka ya kuyatatua) ilitoka STOC ya 1971, kule Ohio, Marekani, na mwaka uliofuata Richard Karp akaja na orodha yake ya matatizo 21 ya namna hiyo. Ila angalizo kwa mnaofundisha, vyuo vyetu vingi kwenye kupandisha daraja bado vinaangalia jarida zaidi, kwaio usitupe jarida, utaratibu wa watu wa thiori ni kutoa toleo la kongamano kwanza alafu toleo kamili lenye prufu (uthibitisho) zote linaenda jarida baadae. Jarida la Theory of Computing kwa mfano, lililoanza 2005, halimdai mwandishi wala msomaji hata senti.

Sasa kalenda. STOC ipo tangu 1969, iko chini ya chama cha ACM, inafanyika mara nyingi Juni na pepa zinapokelewa Novemba ya mwaka uliotangulia. FOCS ya chama cha IEEE ni kongwe zaidi, ilianza 1960 kwa jina lingine, yenyewe ni Oktoba au Novemba na pepa zinakwenda kama Aprili hivi. Hizo mbili ndo Simba na Yanga wa fani. SODA ni Januari, ni ya algoridhimu zaidi, pepa zinapokelewa Julai. ICALP ni ya Ulaya, tangu 1972, inafanyika Julai na mwisho wa kutuma unaangukia Februari. Alafu kuna za saizi ya kati ambazo mi ndo naona tuanzie huko: STACS, MFCS, ESA, LATIN ya Amerika ya Kilatini, na FSTTCS ya India ambayo ni Desemba na ipo tangu 1981. Kama unapenda kriptografia kuna AFRICACRYPT, ilianza 2008 Casablanca na inazunguka bara letu hilihili. Na kuna SOSA, inafanyika sambamba na SODA, yenyewe inataka prufu rahisi na algoridhimu fupi hata kama matokeo yalishajulikana zamani, mtu anayefikiri vizuri ila hana mtandao wa maprofesa aiangalie sana hiyo.

Kabla hujawaza kutuma chochote, soma. Kila kongamano likishachagua linatoa orodha ya pepa zilizokubaliwa, ipitie yote kwa vichwa vya habari tu, weka alama kwenye zile ambazo angalau umeelewa swali linauliza nini, hata zikiwa chache ni sawa. Alafu nenda arXiv, ghala la pepa la mtandaoni, karibu kila pepa ya thiori ipo pale bure, na zile za kupima ugumu wa matatizo ya kompyuta zipo pia kwenye ghala la ECCC. ICALP, STACS, MFCS na ESA zote zinatoka kwenye mfululizo wa LIPIcs ambao kupakua ni bure moja kwa moja. Ukifungua pepa usianze na prufu, utakata tamaa ukurasa wa nne. Soma utangulizi wote, soma ile sehemu ya wazo la prufu kwa ufupi, funga, chukua karatasi jaribu kumweleza mwenzako theoremu inasema nini, kesi ndogo kabisa ya n=3 inakuwaje, na ukishindwa hapo ndo rudi ndani. Pepa moja mwezi mzima ukiielewa mpaka mfupa inatosha, usishindane na wanaojisifu wanasoma kumi kwa wiki.

Video nazo zipo. Taasisi ya Simons ya Berkeley wanaweka mihadhara yao YouTube, shusha usiku kwa bando la usiku au kwa waifai ya chuo watu wakishalala, uangalie asubuhi bila kukatakata. Kuna pia TCS+, semina ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuingia, huwa Jumatano saa saba mchana kwa saa za New York, kwetu hiyo ni saa mbili usiku, ila wenzetu wakisharudisha saa zao nyuma Novemba inakuwa saa tatu usiku, sisi saa zetu hazihami kwaio ni juu yako kukumbuka. Tafuteni watu wanne watano mkae pamoja muangalie, umeme ukikatika ndo muda mzuri wa kubishana.

Haya, swali la kufanyia kazi linatoka wapi? Hapa ndo wengi wanaharibu, mtu anaanza na P na NP, lile swali la kama kila tatizo ambalo jibu lake ni rahisi kulihakiki ni rahisi pia kulitatua. Ndiyo, Clay Institute waliweka dola milioni moja mwaka 2000 na hela bado ipo, lakini wahakiki wanapokea "prufu" za hilo swali kila mara na jina jipya likitokea na kurasa sita za P=NP hakuna anayefika ukurasa wa pili. Anza na swali dogo ambalo unaweza kulishika.

Nikupe mfano wa huku kwetu. Mkulima wa mbogamboga Uyole, kiangazi kimekaza, anahitaji pampu ya maji. Kukodi ni elfu 20 kwa siku, kununua ni laki 6. Mvua ikishuka pampu haina kazi tena, na hakuna anayejua itashuka lini. Akodi au anunue? Akinunua siku ya kwanza mvua ikanyesha kesho, kaumia. Akikodi tu miezi mitatu, kaumia pia. Sasa mtu wa thiori haulizi utabiri wa hali ya hewa, anauliza hivi: ni kanuni gani itakayonihakikishia kwamba hata mvua ikinifanyia makusudi, sitalipa zaidi ya mara fulani ya yule ambaye angejua tarehe ya mvua kabla? Kanuni yenyewe ni hii, kodi siku 29, siku ya 30 bado jua linawaka, nunua. Mbaya kabisa ni mvua kushuka ukishanunua tu, umelipa 580,000 za kukodi na 600,000 za kununua, jumla 1,180,000, na aliyejua angelipa 600,000. Hujafika mara mbili. Jaribu kanuni nyingine uone, ukinunua mapema siku ya 10 mvua ikashuka baada ya hapo umelipa 780,000 wakati mjuaji kalipa laki 2, karibu mara nne. Ukichelewa mpaka siku ya 60 umelipa 1,780,000, karibu mara tatu. Kwaio siku ya 30 ndo bora kwa mtu asiyerusha shilingi, na ukiijaribu hivyo kila siku nyingine utakuwa umethibitisha pande zote mbili, kwamba inawezekana na kwamba haiwezekani zaidi ya hapo.

Alafu mtu akauliza, je nikiruhusiwa kurusha shilingi, nichague siku ya kununua kwa bahati nasibu iliyopimwa vizuri? Jibu linashuka mpaka kama mara 1.58 kwa wastani, yani e (ile namba ya 2.718 hivi) gawa kwa (e toa 1). Hiyo ilikuwa pepa ya Anna Karlin na wenzake watatu, SODA ya 1990, ndo SODA ya kwanza kabisa kufanyika. Wazungu swali hili wanaliweka kwenye vifaa vya kutelezea kwenye theluji lakini hesabu ni ileile ya pampu ya Uyole. Na mpaka leo watu wanatoa pepa za matawi yake: je kama una utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, lakini huuamini sana, je kama pampu zipo aina tatu za bei tofauti, je kama wakulima watano wanachangia pampu moja. Umeona swali linavyozaliwa? Chukua theoremu unayoielewa, badilisha sharti moja, uliza bado inasimama? Mara nyingi utakuta mtu keshajibu, sawa, soma jibu lake, badilisha tena.

Ukikwama kwenye lema (hatua ndogo inayosaidia prufu kubwa) ya pepa ya mtu, mwandikie mwandishi mwenyewe, wengi wanajibu. Ila sisi tuna tabia ya kuanza barua na natumaini u mzima wa afya pamoja na familia, kisha historia ya shule, kisha shida inakuja aya ya nne. Kwao andika mistari sita tu, nimesoma pepa yenu, kwenye lema 3.2 sioni kwanini hatua ya pili inakubali pale grafu inapokuwa na mzunguko, nimejaribu hivi na hivi, basi. Salamu ndefu tumbakizie Prof wako wa hapa, yeye shikamoo yake ni lazima.

Tahadhari moja ya haraka. Ukishaweka jina lako mtandaoni utaanza kupokea barua pepe za makongamano yanayokuita profesa mashuhuri, yanafanyika Dubai au Bangkok, mada zake ni kompyuta na kilimo na uuguzi vyote kwa pamoja, majibu ndani ya siku tatu, lipa dola mia nne. Futa. Namna ya kupima ni nyepesi, angalia majina ya kamati kisha angalia kama kurasa zao binafsi zinalitaja hilo kongamano, na angalia DBLP, orodha ya mtandaoni ya pepa za kompyuta, kama lina historia ya miaka.

Kwenye kuandika. Pakua mtindo wa LaTeX unaotakiwa, wa LIPIcs au wa ACM, tumia Overleaf (LaTeX ya mtandaoni) kama intaneti yako inaruhusu la sivyo sakinisha TeX Live kwenye mashine ufanye kazi hata mtandao ukilala. Makongamano makubwa huwa yanasema mhakiki halazimiki kusoma zaidi ya kurasa kama kumi za mwanzo, prufu ndefu zinakaa nyuma na atazisoma akitaka. Maana yake hizo kurasa za mbele ndo kesi yako yote: swali ni lipi, nani alifika wapi, wewe umeongeza nini, na wazo jipya ni lipi kwa lugha ambayo mtu aliyechoka saa nne usiku ataielewa. Theoremu kuu iwe ukurasa wa pili, sio wa nane. Kiingereza kisikutishe sana, sentensi fupi zisizo na madoido zinapendwa huku kuliko zile za kujaza.

Majina ya waandishi kwenye thiori yanapangwa kwa alfabeti, wa kwanza hana maana ya aliyefanya zaidi. Hata ile ya SODA ukiangalia ni Karlin, Manasse, McGeoch, Owicki. Jambo dogo lakini huku kwetu linaweza kuleta ukimya mrefu ofisini, kwaio mweleze supavaiza wako mapema kabla hajaona jina lake la M limekaa nyuma ya B lako, na kama chuo kinauliza nani wa kwanza ambatanisha barua ya kueleza desturi ya fani. Makongamano mengi sasa hivi yanataka pepa isiyo na majina, ila kuiweka arXiv kwa majina yako kwa kawaida inaruhusiwa, soma tangazo la mwaka husika ujiridhishe.

Siku ya mwisho ya kutuma, hapa sikiliza vizuri. Utakuta imeandikwa 11:59pm AoE, yani saa 5:59 usiku kwa Kiswahili, maana yake saa za sehemu ya mwisho kabisa duniani siku kuisha, ambayo ni masaa 15 nyuma yetu. Kwaio ikisema Jumatatu saa 5:59 usiku AoE, kwa Mbeya ni Jumanne saa tisa mchana kasoro dakika moja. Una usiku wa ziada na asubuhi nzima, raha. Lakini zingine hazitumii AoE, zinasema saa kumi na moja jioni kwa saa za New York, na Novemba hiyo kwetu ni saa saba usiku wa kuamkia kesho yake, usichanganye ukadhani ni kesho mchana. Vilevile kuna wanaotaka usajili kichwa na muhtasari siku kadhaa kabla ya pepa yenyewe, ukipitwa na hiyo ndo basi tena. Mi nashauri tuma toleo lako siku mbili kabla hata kama lina makosa ya tahajia, mifumo yenyewe, HotCRP au EasyChair, inakuruhusu kubadilisha faili mpaka dakika ya mwisho, na wewe unajua umeme wa mtaani kwako.

Majibu yanachukua miezi mitatu hivi. Kwenye STOC na FOCS wanaopita ni kama theluthi tu, kwaio kukataliwa ndo kawaida, hata hao wakubwa wanakataliwa. Soma maoni ya wahakiki mara moja, funga, nenda Mwanjelwa ukazunguke, rudi kesho yake usome tena. Anayesema "matokeo ni dhaifu" usibishane nae, anayesema "sikuelewa ukurasa wa tano" huyo ni dhahabu, ukurasa wa tano andika upya. Kalenda imejipanga kukusaidia, ukikataliwa STOC Februari, FOCS ipo Aprili, MFCS na ESA nazo zinafuata msimu huohuo.

Ikipita sasa, siku hiyohiyo unaposherehekea andika barua mbili. Ya kwanza kwa waandaaji kuomba barua ya mwaliko kwa ajili ya viza, ya pili kuomba msaada wa wanafunzi, maana karibu kila kongamano kubwa lina fungu la nauli na ada kwa wanafunzi na wanaotoka mbali, ila linafungwa mapema na halimtafuti mtu. Sema wazi unatoka wapi na chuo kinaweza kuchangia nini, hata kama ni sifuri. Kama hela imekosekana kabisa uliza kuhusu kuwasilisha kwa video kabla ya kulipa chochote, kuna wanaokubali na wengine hawakubali.

Viza ndo shughuli. Balozi karibu zote ziko Dar, hakuna cha kufanyia Mbeya, na alama za vidole lazima uende mwenyewe. Ya Schengen, yani ya nchi nyingi za Ulaya, ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari isipungue euro 30,000, na maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari mpaka siku 15 kabla, ila nafasi za miadi zinajaa, kwaio kwa ICALP ya Julai ukishapata jibu Aprili usipoteze hata wiki. Pasipoti uwe nayo kabla hata hujatuma pepa. Miadi ikiwa Jumatano toka Mbeya Jumatatu, barabara ni zaidi ya kilomita 800 na lori moja tu likilala mlima Kitonga mnaweza kukaa hapo mkihesabu miti. Ndege ya Songwe ni haraka lakini ukungu ukishuka inaweza isitue, usiifanye ndo tegemeo la asubuhi ya miadi. Afrika Kusini kwa safari fupi Mtanzania haombi viza, kongamano likiangukia huko lichangamkie.

Kwenye kuwasilisha unapewa dakika 20, 25. Usijaribu kupitisha prufu nzima, toa swali, toa mfano mmoja (wa pampu wataupenda, nakuhakikishia), theoremu, na picha moja ya wazo. Slaidi ziwe PDF kwenye flashi na kwenye barua pepe yako. Kazi kubwa iko kwenye mapumziko ya chai, hapo ndo utamkuta yule uliyemwandikia kuhusu lema 3.2, na watu wa thiori wanaongea na yeyote mwenye swali zuri, wanachora kwenye kitambaa cha karatasi papo hapo. Beba daftari.

Na risiti. Misaada mingi ya nauli inalipwa baada ya kurudi, kwaio utaanza kutoa mfukoni au kukopa chuoni, tunza tiketi ya basi ya Mbeya Dar, boding pasi zote, risiti ya viza, ya bima, ya hoteli, na kila moja ipige picha siku hiyohiyo maana zile karatasi za mashine zinafutika maandishi ndani ya wiki chache, na mhasibu wa kule nje hataelewa karatasi nyeupe.